Nilivyompimia Mume Wangu Madirisha

Mimi ni fundi wa mapazia. Nimeingia vyumba vya watu wengi kuliko daktari, na nimepanda juu ya vitanda vya watu wazima wenye heshima zao, pini mdomoni na futi shingoni, mwenye chumba amesimama chini akiniambia niangalie shuka. Ukishampimia mtu madirisha unamjua. Unajua nani bado analala na mwenzake na nani amehamia chumba cha wageni. Unajua nani anataka kitambaa kizito kwa sababu ya jua na nani anakitaka kwa sababu ya majirani. Kwa hiyo nilikuwa najigamba. Wateja wachanga, wale wa mapazia ya kwanza baada ya harusi, nilikuwa nawapa na mawaidha ya bure juu yake: mimi mume wangu namjua nje ndani, nikawa nawaambia, hana cha kunificha hata akitaka.

Mume wangu ni mkandarasi wa majengo, na kila mtu anamwita hivyo, Mkandarasi, hata mama yake mzazi. Ni mtu wa maneno machache. Ukimuuliza ameshindaje, anajibu "salama". Ukimuuliza kazi inakwendaje, anajibu "inakwenda". Kwa miaka yote ya ndoa nilidhani huo ni upole, na nikamsifia kwa dada zangu ambao waume zao wanaongea. Alipohama nyumbani hapakuwa na mwanamke mwingine wala vyombo vilivyovunjwa, jambo lililowasikitisha sana majirani. Tulikuwa tumechokana tu. Watoto wameshakwenda kwao, mezani tumebaki wawili na redio, na siku moja akabeba masanduku yake akasema, "Nadhani itakuwa vizuri zaidi." Mwaka ule hakuwahi kutoa hotuba ndefu kuliko hiyo. Mimi ndiye niliyekwenda kufungua kesi ya talaka, maana yeye angeweza kukaa hivyo hivyo mpaka kiama.

Wakili wangu alikuwa binti mwembamba wa ofisi ya msaada wa sheria, umri wa mwanangu wa mwisho. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki, akafungua faili jipya.

"Mama, mume wako ana mali gani?"

"Mwanangu, hapo umefika. Yule namjua nje ndani."

"Vizuri. Akaunti yake iko benki gani?"

"Ile yenye foleni."

"Zote zina foleni, mama. Kampuni yake ina mbia? Ana viwanja? Ana jengo lolote kwa jina lake?"

Nikatafuta kichwani. Nilikuta mengi sana humo, ila hakuna hata moja aliloliuliza. "Hali kitunguu kibichi," nikamwambia mwishowe. "Na akilalia ubavu wa kushoto anakoroma."

Akaandika. Mpaka leo namheshimu kwa sababu aliandika kweli, hakunicheka, ingawa aliinama karibu sana na karatasi. Kisha akaniuliza ninataka nini katika mgawanyo. Nikamwambia nataka nyumba. Ndiyo ninamoishi, na chumba cha mbele ndicho karakana yangu: cherehani mbili, meza ya kukatia ndefu kama ya harusi, na dirisha kubwa la barabarani ambapo wapita njia wanayaona mapazia yangu. Wateja wangu wote waliingia kupitia dirisha lile, kwa maana ya macho. Nikikosa nyumba ile, ninakosa pa kulala na pa kula siku hiyo hiyo.

"Una haki ya zaidi ya nyumba, mama."

"Mimi si mtu wa tamaa," nikasema, shingo juu kama ninapigwa picha.

Mahakamani kila mmoja alitakiwa kula kiapo na kutaja alichonacho. Mimi nilitaja mpaka mkasi. Mkandarasi alikuja na shati la zamani ambalo kola yake niliigeuza mimi mwenyewe ilipochanika, na nilipomwona nalo pale mbele ya hakimu nilijua ameliendea kabatini kwa makusudi. Alitaja gari bovu la kubebea mchanga, madeni, na nyumba yetu. Basi. Kampuni haina kazi, alisema, hana mbele wala nyuma, kwa hiyo anaomba nyumba iuzwe, madeni yalipwe, kitakachobaki tugawane.

Nilimwangalia. Hakupepesa macho. Amekaa kimya kama maji mtungini, mikono juu ya magoti, na nikajikuta namwonea huruma kwa sababu kola ile bado ilikuwa imekaa vizuri.

Wakili wangu alipinga. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, akasema kupinga peke yake hakutoshi. Kama tunadai ana mali nyingine, tuseme ni ipi na iko wapi. Akapanga tarehe. Nje kwenye ukumbi wakili akaninong'oneza, "Mama, fikiri. Mtu hawezi kuishi na wewe miaka yote hiyo usijue hata kitu kimoja." Yeye alitaka kunitia moyo, lakini mimi niliisikia kama hukumu.

Nikaamua kupeleleza. Hapa naomba dada yangu mkubwa asilaumiwe, kwa sababu yeye alitoa miwani ya jua na ushungi tu, ujinga ulikuwa wangu. Kwanza nilikwenda benki, nikamwambia kijana wa dirishani kwamba nataka kujua salio la mume wangu. Akaniuliza kama akaunti ni yangu. Nikasema ni ya mume wangu. Akaniuliza kama mume wangu anajua nimekuja. Nikamwambia kama angekuwa anajua nisingekuja, na nyuma yangu foleni nzima ikaguna.

Baadaye nikamfuata mwenyewe. Nilimwona akiingia duka la vifaa vya ujenzi, nikaingia kwa nyuma, ushungi mpaka kwenye nyusi, nikajibanza nyuma ya matangi ya maji. Nilipanga nisikilize ananunua nini na kwa ajili ya nani. Mwenye duka, ambaye nilimshonea mapazia ya sebule, aliniona akapaza sauti. "Mama Mapazia, karibu sana. Hilo tangi tunakupunguzia."

Mkandarasi akageuka. Akanitazama, akatazama miwani, akatazama tangi.

"Umepotea?" akauliza.

"Naangalia tangi."

"Jua kali," akasema, akaninunulia soda, akaweka kwenye kaunta mbele yangu, akaondoka. Nikainywa. Sina cha kujitetea, ilikuwa ya baridi.

Dada yangu nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. "Umekwenda kumtafutia mali," akasema, "umerudi amekununulia na soda. Mwachie tu na nyumba, mdogo wangu, mje mkae kwangu wewe na cherehani zako." Kwake ni vyumba viwili na wajukuu wanne. Nililia kidogo baada ya yeye kuondoka, nikaona machozi yanadondokea kitambaa cha mteja, nikaacha.

Sasa niwaeleze kuhusu Nyapara. Nyapara ndiye msimamizi wa mafundi wa Mkandarasi, mzee mchangamfu mwenye sauti ya kuitia watu juu ya jengo, na ndiye mtu wa pekee katika kazi za mume wangu niliyekuwa nafahamiana naye. Utaratibu wetu ulikuwa wa zamani. Kila wakimaliza kumjengea mteja na fremu za madirisha zikakaa, Nyapara hunipigia simu, nakwenda kupima, namtengenezea mwenye nyumba mapazia. Mkandarasi alipeleka saruji, mimi nikapeleka vitambaa. Hatukuwahi kukaa tukalipanga jambo hilo, lilijipanga lenyewe.

Akanipigia. "Shemeji, madirisha tayari. Njoo upime kabla mafundi rangi hawajatuchafulia."

Nilifurahi kama mtoto. Nikasema moyoni, yule mzee ni muungwana, amesikia yaliyotupata na ameona asinikatie riziki. Nikachukua futi na daftari, nikaenda alikonielekeza, mtaa mpya upande wa pili wa mji ambako bado wanachimba mitaro.

Lilikuwa jengo la ghorofa, la nyumba za kupangisha, jipya linanukia chokaa. Nyapara akanipokea ngazini, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akaniuliza watoto, akaniuliza mgongo wangu, akanishikia ngazi. Nikapima. Nilipima sebule na vyumba, chini na juu, upana na kimo, nikimpigia yeye kelele za namba na yeye akinirudishia kuhakikisha. Nikampa ushauri kuhusu mabomba ya kutundikia. Nikamwambia amfikishie mwenye jengo kwamba kwa kazi kubwa kama hii nitampunguzia bei, na nitamtupia neti za bafuni bure.

Halafu nikafika majikoni.

Inabidi nieleze jambo. Kwenye nyumba yetu, dirisha la jikoni liko juu. Ukisimama kwenye sinki unaona ukuta, na juu ya ukuta unaona kipande cha anga. Nilimwomba Mkandarasi alishushe tangu mtoto wetu wa kwanza alipokuwa anatambaa, nipate kumwona uani huku naosha vyombo. Akasema ukuta ule umebeba paa, ukiuvunja utaanguka. Nikaomba tena kwa mtoto wa pili. Ukuta ukawa bado umebeba paa. Watoto wamekua, wamehama, na mimi bado naosha vyombo nikitazama chokaa.

Jikoni mle dirisha lilikuwa limeshushwa mpaka usawa wa sinki, pana, mtu anaona ua wote na lango. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Kila jiko la jengo lile lilikuwa hivyo. Nikasimama kwenye sinki moja, nikaweka mikono kama ninaosha.

"Huyu mwenye jengo ana akili," nikamwambia Nyapara. "Amemsikiliza mkewe huyu. Unaona? Hivi ndivyo mwanaume anavyojenga."

Nyapara akacheka, akanipiga bega kidogo. "Shemeji na wewe kwa kumpaka mafuta mtu wako."

"Mtu wangu nani?"

"Si bosi."

"Bosi ndiye kajenga. Mimi nasema mwenye jengo."

"Mwenye jengo si ndiye bosi," akasema Nyapara, bado anacheka, kisha kicheko kikapungua taratibu. "Kwani hakukwambia, shemeji?"

"Kaniambia," nikasema. "Nilisahau."

Mtu mwenye akili zake angeshuka ngazi pale pale akakimbilia kwa wakili. Mimi nilipima majiko yaliyobaki. Sijawahi kuacha jengo nusu, na mikono ilikuwa inajiendea yenyewe huku kichwa kimeganda. Ninachokumbuka ni kwamba namba za jiko la mwisho nilizitaja kwa sauti ndogo na Nyapara akaniuliza mara mbili.

Tukishuka akaniambia, "Kila wiki bosi ananipa salamu zako. Ahsante shemeji, si wote wanatukumbuka sisi wa kwenye vumbi."

Sikuwa nimemtumia salamu hata moja tangu Mkandarasi ahame. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Nyapara hajui lolote. Mume wangu alikuwa ameificha mahakama mali, na mafundi wake akawaficha talaka. Kwenye jengo lile mimi nilikuwa bado mke, naulizwa hali na natuma salamu. Ndiyo maana simu ikaja. Mtu asiyesema lolote kwa mtu yeyote hakuona haja ya kumwambia msimamizi wake kwamba huyu sasa usimpigie.

Wakili wangu nilipomweleza alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akaniuliza kwa upole kama ni kweli nilimpunguzia bei.

Tarehe ilipofika aliuliza mahakamani kuhusu jengo lile. Mkandarasi akajibu bila kubabaika kwamba ni la mteja, mteja yuko safarini, mawasiliano ni magumu. Hakimu akanigeukia. "Mama, unajuaje kwamba ni lake?"

Nikataka kusema nilivyoambiwa na Nyapara, nikaona sura ya yule mzee, nikasita. Nilikuwa nimekula chakula cha simu yake kwa miaka. "Kwa madirisha ya jikoni, mheshimiwa," nikasema, na ukumbi ukacheka, karani akiwemo. Wakili wangu akafumba macho. Hakimu hakucheka. Alivaa miwani yake, akasema kwa kuwa mmoja anasema la mteja na mwingine anasema la mume, mahakama itakwenda kuliona, mchana ule ule, na asiwepo mtu wa kupiga simu njiani.

Tulifika sote, hakimu, karani, mawakili wote wawili, mimi na Mkandarasi tuliokaa viti vya mbali garini. Nilitamani kutangulia nimkonyeze Nyapara, lakini alishatuona kutoka juu. Alishuka ngazi kwa mbio za mwenyeji.

"Shemeji, karibu. Umeniletea wapangaji?" Akawasalimia wote kwa mikono, hakimu kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia mume wangu, uso umemng'aa. "Bosi, habari za mapazia usihangaike, nilishampigia shemeji. Ameshapima jengo lako lote. Na anakupunguzia."

Kule juu fundi mmoja alikuwa anapiga msumari, akasimamisha nyundo. Nyapara akatutazama mmoja mmoja, na nikaona uso wake unazimika, na siku ile yote hakuna kilichonichoma kama kile. Hakimu akamwomba kwa adabu arudie, karani aandike.

Kesi kwa maana ya kesi iliishia pale. Hukumu ilipoandikwa baadaye, nyumba ilibaki kwangu, pamoja na karakana na dirisha la barabarani. Nikapata na nusu ya jengo lile, na hiyo nusu sikuwa nimeiomba mpaka mchana ule. Nyapara hakufukuzwa, maana hakuna mwingine anayejua mabomba ya maji yamepita wapi. Lakini sababu ya kuiomba ile nusu ni mazungumzo ya jikoni.

Wengine walikuwa sebuleni, karani anaandika idadi ya vyumba. Mimi nilikuwa nimeingia jikoni nipate pa kupumulia, na Mkandarasi akaingia, nadhani kwa sababu hiyo hiyo. Tukasimama mbele ya sinki.

"Mzee wa watu ulikuwa unampa salamu zangu," nikasema.

"Alikuwa anauliza kila wiki. Ningemjibu nini?"

Nilimwelewa. Hapo bado nilikuwa tayari kumsamehe, mjue. Nilikuwa tayari kuchukua nyumba yangu na kumwachia jengo lake, nikaondoka na sifa zangu za kutokuwa na tamaa. Nikamwonyesha dirisha kwa kidevu.

"Na hili?"

Akaweka kiganja juu ya kingo yake, akaipapasa kama fundi anavyopapasa kazi iliyokubali. "Hili wazo lako. Watu wanalipenda sana. Jiko likiwa hivi, nyumba haikai wazi hata kidogo."

"Ulisema ukuta utaanguka."

"Ule wa nyumbani?" Akafikiri. Hakuwa anatafuta uongo, namjua akitafuta uongo hupepesa, au nilidhani namjua. "Usingeanguka."

"Basi kwa nini hukunitengenezea?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hapaki rangi chini ya zulia. Wala hakusema kwa ubaya. Katika maisha yetu yote hakuwahi kunijibu swali kwa unyoofu namna ile.

"Mpangaji asipolipenda jiko anahama," akasema. "Wewe usingehama."

Nikarudi sebuleni. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kujua ninayo, mimi niliyekunywa soda yake. Nikamwambia wakili wangu, mbele ya karani, kwamba naomba aongeze dai.

"Dai gani, mama?"

"Nusu ya jengo."

Akanitazama vizuri, kisha akafungua faili. Hakimu akauliza kama dai hilo lina msingi wowote, au ni hasira za leo.

"Ni hasira za leo, mheshimiwa," nikamjibu, "lakini mimi ndiye niliyemwambia dirisha la jikoni likae wapi."

Karani akaandika.